Kigingi cha Pili

Jumamosi, 11 Januari

Kibandani tangu saa moja na nusu asubuhi. Baridi digrii kumi na moja chini ya sifuri. Vidole vya miguu sina habari navyo. Mbweha hakuja.

Kunguru wawili tu, wameshiba chambo chetu na kujisaidia juu ya theluji. Gunnar alikoroma. Ana miaka sabini na tisa na anasema hakoromi, anapumua. Shamba ni lake, kibanda alikijenga yeye, basi na akorome.

Bunduki yangu ilikaa mapajani bila kazi. Kaliba ishirini na mbili, risasi kama mbegu ya tikiti. Baba angeicheka. Gobore lake likilia, kuku wa jirani waliacha kutaga. Lakini ngozi ilitoboka mahali pa kupita ngumi, na mama alikaa na sindano akiziba. Risasi yangu inaingia na haitoki. Ngozi inabaki nzima. Hilo tu ndilo nililomshinda baba, na hayupo kuliona.

Niandike sababu, nisije nikasahau kwa nini najigandisha. Krismasi mama alisema kwenye simu: ngozi ya mbweha ya baba yenu imeliwa na mchwa. Ile iliyokuwa sakafuni kando ya kitanda chake, ya kukanyagia asubuhi. Akauliza kama Ulaya kuna mbweha. Nikasema wamejaa. Akasema basi niletee moja.

Nikaahidi. Na kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa Ulaya, sikuahidi ya kukanyagia. Niliahidi ya shingoni. Yuko mama mmoja Södermalm, mtaa wa mjini wa maduka ya gharama, fundi wa manyoya, anashona vya kuvaa shingoni, vina bitana ya hariri ndani. Mama ataingia na chake kanisani Pasaka na Iramba nzima itajua Elia amefika.

Tiketi ni ya tarehe 14 Aprili. Gunnar hawindi mbweha mwezi wa tatu ukianza. Majike wana mimba. Kwa hiyo nina wiki saba.

Jumapili, 12 Januari

Ibadani. Mguu wa kulia bado una ganzi. Mama Neema amesema ngozi ikipatikana haiingii ndani ya nyumba yake. Nyumba yake! Kodi tunalipa wote.

Jumamosi, 18 Januari

Nimempata. Nimeharibu.

Kwanza nilivyompata. Saa mbili na dakika ishirini, mwanga umekolea kidogo. Alitoka ukingoni mwa misonobari, akasimama, akasikiliza. Dume, mnene, mkia umejaa. Mita hamsini na tano. Nilitoa pumzi nusu, nikabana. Mlio wa kuvunja kijiti kikavu, basi. Akalala palepale. Gunnar alinipiga begani kwa nguvu, na huyo ni mtu ambaye harusini kwake, nasikia, alimpa bibi harusi mkono.

Sasa nilivyoharibu.

Hapa mbweha anavuliwa kama soksi. Unapasua nyuma tu, kutoka kisigino hadi kisigino, halafu unaivuta ngozi kuelekea kichwani. Tumbo haliguswi na kisu. Ngozi inatoka kama mfuko, inavishwa ubao mwembamba, inakauka. Nalijua hilo. Nililijibu kwenye mtihani wa uwindaji, mara ya pili, ile niliyofaulu. Miaka yote tunachuna pamoja, ila Gunnar ndiye anayeanza na mimi namalizia. Leo alinipa kisu akaingia ndani kukaanga soseji.

Sijui nini kilinipata. Banda lilikuwa kimya. Harufu ya damu na nyasi kavu. Mikono ikafanya inachokijua. Kidevu mpaka mkia, mkato mmoja ulionyooka. Nikaivua, nikaiwamba kwenye mlango wa banda, manyoya ndani, kwa misumari. Shingo kwanza. Mkia. Miguu. Halafu mbavuni, huku na huku, hadi ikalia kama ngoma nilipoigonga. Nilikuwa napiga mluzi. Wimbo wa baba wa kuwambia ngozi, ambao sijaupiga tangu nilipotoka nyumbani.

Gunnar akatokea na sahani. Akatazama mlango. Sahani ikainama, soseji moja ikaanguka.

"Elia. Umefanya nini?"

Nikaona. Hapo ndipo nilipoona. Fundi wa manyoya hachukui ngozi iliyopasuliwa tumbo. Aliniambia mwenyewe kwa simu, mara mbili. Gunnar alisema ameona vijana wa miaka kumi na sita wakichuna vizuri kuliko hivyo. Akasema itupe. Kisha akasogea karibu, maana macho yake siku hizi yanataka karibu, akagusa mguu wa mbele wa kushoto.

"Na hapa misumari miwili ya nini?"

Kweli ilikuwa miwili. Kila mahali mmoja, hapo miwili, imekaribiana. Baba alipiga viwili hapo. Vigingi vya mti, kila ngozi, ya mbuzi, ya ndama, ya mbweha. Sikuwahi kumuuliza. Ndivyo ngozi ilivyowambwa.

Nilisema sijui. Nilijiona mjinga. Sikuitupa.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda kanisani. Nimekasirika na mikono yangu.

Mwamba ngozi huvutia kwake. Mimi nilivuta hadi Singida.

Nilikuja hapa kijana wa miaka ishirini na tano, mafunzo ya mbao, miaka miwili halafu nirudi kuendesha kiwanda. Kiwanda kikafa kabla sijamaliza. Nikabaki. Nusu ya maisha sasa nasafisha ndege uwanjani, nakula sill Krismasi, samaki mbichi wa siki, na nampenda. Nilidhani nimekwisha kugeuka. Kumbe kisu kinajua.

Nimemkumbuka baba sana leo. Sehemu moja: anachuchumaa juu ya ngozi, nyundo yake ni jiwe, vigingi anavibana mdomoni. Mama yuko upande wa pili anavuta. Mimi naambiwa nisikanyage kivuli cha ngozi. Kwa nini kivuli? Hilo nalo sikuuliza. Nilikuwa mtoto mwenye maswali machache mno.

Jumatano, 22 Januari

Zamu ya asubuhi. Ndege tisa. Neema alipita jioni kutoka kwake Hjulsta, akanikumbatia, akarudi nyuma. "Pappa, du luktar räv." Nanuka mbweha. Nimeoga mara tatu tangu Jumamosi. Amesema kwa Kiswidi vilevile kwamba kumwua mnyama kwa ajili ya kitambaa cha shingo ni aibu. Nikamwambia ni cha bibi yake. Akaomba wali.

Jumamosi, 1 Februari

Theluji imeyeyuka, mvua. Hakuna nyayo za kusoma. Tumekaa saa nne.

Gunnar amesema. Alisema akiwa anatazama dirishani, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Daktari wa macho amemwambia doa la katikati litakua. Msimu huu ukiisha anatoa bunduki zake zote. Shamba amekubaliana na mpwa wake alichukue, na mpwa hataki wageni wenye silaha. Kwa hiyo na mimi ni mwisho.

Nilimmiminia kahawa. Miaka kumi na tisa nakaa kwenye benchi lile. Lina bonde upande wangu.

Mara ya kwanza alinikuta sehemu ya kuegesha magari hapa Märsta, nimesimama nikimtazama sungura aliyekufa begani mwake. Aliuliza: unataka kumnunua au unataka kujua alivyopatikana? Nikasema la pili. Hatukuwa na lugha ya kutosha, tulikuwa na sungura.

Nitamkosa mzee huyu. Nimeliandika hapa kwa sababu mbele yake halisemeki.

Alhamisi, 6 Februari

Dada Eliza amepiga simu mchana, nikiwa chumba cha kubadilishia nguo. Mama ameanguka uani. Mfupa haukuvunjika, lakini hatoki kitandani, anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Miaka themanini na sita. Eliza ni mkavu siku zote, hata msibani. Leo sauti ilitetemeka.

Akampa mama simu. Mama hakusema habari ya kuanguka. Aliuliza: ile ngozi imepatikana?

Nikasema ipo.

Nimemdanganya mama yangu mgonjwa. Nilisimama na buti moja mguuni na nikamdanganya. Akasema haya, baba, Mungu akubariki, na akarudisha simu.

Jumamosi, 8 Februari

Hakuna.

Jumapili, 9 Februari

Hakuna. Mama Neema anasema nina uso wa mtu aliyefukuzwa kazi.

Jumamosi, 15 Februari

Theluji mpya, na nyayo. Mistari miwili imekutana, inakwenda pamoja hadi kwenye chambo. Ni mwezi wao wa kuoana. Mmoja ana hatua nyepesi, zimenyooka. Wa pili anaburuza mguu, na mahali alipolala ameacha manyoya na damu kidogo.

Gunnar alipiga magoti, akayachukua manyoya, akayasugua mbele ya pua. Ukurutu, akasema. Chawa wa ngozi. Mnyama anajikuna hadi anakufa kwa baridi, na inachukua wiki nyingi. Ngozi ya hivyo haina faida kwa mtu yeyote.

Nilitaka ya yule mwingine. Niliwaza hilo tu njia nzima kurudi, na kituo cha treni nilikipita nusu kilomita.

Jumapili, 23 Februari

Eliza: vijiko vitatu leo. Mama anawaambia watu wanaokuja kumwona kwamba Elia analeta mbweha wa Ulaya. Mchungaji amekwisha kusikia.

Nimeomba ruhusa ya Ijumaa kuanzia mchana, siku ya mwisho ya kuwinda. Bosi aliuliza kama ni jambo la familia. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 28 Februari

Siku ya mwisho. Naandika yote, kwa mpangilio.

Tuliingia kibandani saa nane mchana. Hakuna upepo. Gunnar alivaa kofia yake ya zamani ya masikio, ile anayovaa siku kubwa. Saa tisa, saa kumi. Jua likaanza kushuka nyuma ya banda, na theluji ikawa samawati.

Saa kumi na moja kasoro wakatoka. Wote wawili.

Jike mbele. Sijaona mbweha mzuri hivyo kwa miaka kumi na tisa. Mwekundu, kifua cheupe, mkia kama ametoka kuchana nywele. Mita sitini, amenipa ubavu. Nyuma yake dume. Mkia wa dume umebaki kamba. Mgongo una magamba, jicho moja limefunga. Alikuwa akitetemeka, niliona kwa darubini ya bunduki.

Risasi unayo moja. Ya pili unaipigia msitu.

Gunnar haoni tena hadi pale. Alinong'ona: ni nini? Nikasema wawili, mmoja ana ukurutu. Hakuongeza neno. Angeweza, kibanda ni chake na kanuni ni yake.

Kanuni hiyo ilikuwa ya baba pia. Mnyama mgonjwa hapitwi. Unaweza kuacha nyama, unaweza kuacha ngozi, mgonjwa humwachi nyuma yako atembee. Baba aliwahi kulala porini siku mbili akifuata fisi aliyevunjika taya, na fisi haliwi wala havaliwi.

Sitajificha kwenye daftari langu mwenyewe. Nilimlenga jike. Alama ilikaa nyuma ya bega lake na kidole kilikuwa kimeshabana nusu. Niliwaza mama kitandani. Niliwaza uongo wangu. Niliwaza, yule dume atakufa tu hata nisipomgusa.

Kisha dume akakaa chini kwenye theluji, kama mbwa mzee, akajaribu kujikuna. Mguu haukufika. Akaanza tena. Haukufika.

Nikahamisha mtutu.

Alilala palepale. Jike alikuwa ameshafika msituni kabla sijashusha bunduki. Nilisema kwa Kiswahili, na kwa sauti, neno ambalo mama angenipiga kwalo. Gunnar akauliza nimempiga yupi. Nikamwambia. Akavua kofia, akaikalia, akatazama mbele mahali asipopaona.

Tulimzika na ngozi yake. Ardhi imeganda, ilibidi tutumie sururu, mzee alipiga na mimi nikapiga. Nililia kidogo. Gunnar alijifanya haoni, na safari hii alikuwa na kisingizio.

Jumamosi, 1 Machi

Sina ngozi. Nina tiketi.

Jumapili, 9 Machi

Mama Neema ameuliza leo, akikata vitunguu, bila kugeuka. Si una ngozi kwenye mlango wa Gunnar?

Nikamwambia ile imeharibika.

"Imeoza?"

"Hapana."

"Imetoboka?"

"Hapana."

"Basi imeharibika nini, Baba Neema?"

Nikaanza kueleza habari ya soksi, ya ubao, ya fundi wa Södermalm. Nilijisikia nikieleza. Akafuta machozi ya vitunguu, akasema mama aliomba ngozi, hakuomba Södermalm.

Nimekaa nalo mchana wote. Ni kweli. Cha shingoni kilikuwa changu. Nilitaka wamtazame mama na wanione mimi. Aibu ina ladha ya kahawa iliyolala.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeitoa mlangoni. Ilikuwa ngumu kama bati. Gunnar alinipa dawa ya kulainishia na ndoo, akasimama pembeni akitoa maelekezo kwa kunusa. Bado anaona ni dhambi kumkata mbweha tumbo. Lakini alibeba ndoo.

Jumamosi, 22 Machi

Imekaa kwenye dawa wiki nzima. Leo ni kusugua. Unaivuta kwenye ukingo wa kiti, huku na huku, mpaka mikono inakataa. Baba alitumia samli na goti lake. Mimi nina mafuta ya kopo na goti baya. Mluzi ulirudi. Gunnar aliuliza ni wimbo gani. Nikasema hauna jina, ni wa kazi hii tu. Baadaye nikamsikia akiujaribu, amekosea kila sauti.

Jumamosi, 29 Machi

Ni laini. Mama Neema ameigusa kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja, kisha akaitandika mwenyewe kwenye kochi la nyumba yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Simu ya video na nyumbani. Eliza alimwinua mama, akamwekea mto. Amekonda. Uso umebaki macho. Nilikuwa nimejitayarisha kukiri: kwamba nilidanganya, kwamba si ya shingoni, kwamba wanaojua kazi wanasema imeharibika. Nilianza. Hakunisikiliza. Alisema nionyeshe.

Nikaonyesha upande wa manyoya. Akasema ndiyo, mzuri, mwekundu kuliko wetu. Kisha akasema geuza.

Nikageuza. Akamwambia Eliza asogeze simu. Alitazama muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Aliuliza ni nani aliyeiwamba. Nikasema ni mimi, mama, nisamehe, nimeifanya kienyeji. Akasema niinue mguu wa mbele wa kushoto. Nikauinua kwenye kamera. Matundu mawili, yamekaribiana, bado yanaonekana.

Akacheka. Mama, ambaye Eliza anasema hajacheka tangu Januari.

Akaeleza. Alikuwa bibi harusi wa wiki moja. Baba alikuwa anawamba ngozi ya mbuzi, na yeye alitaka kuonekana anajua kazi, akachukua kigingi akakipiga mahali ambapo baba alikuwa ameshapiga chake. Mama mkwe akamcheka mbele ya watu. Baba akataka kukitoa, akakishika, akakiacha. Akasema kikae. Ngozi iliyofuata, mama hakuwepo, alikwenda kisimani. Aliporudi alikuta viwili. Na iliyofuata. Miaka arobaini na moja, kila ngozi.

"Hakuwahi kusema kitu," mama alisema. "Alipiga tu. Hiki cha baba yako, hiki changu."

Kisha akamwambia Eliza anataka uji.

Nilizima simu nikakaa jikoni na ngozi mapajani. Mama Neema aliingia, akaniona, akatoka na kufunga mlango taratibu.

Jumapili, 13 Aprili

Sanduku limefungwa. Ngozi iko juu, imekunjwa mara mbili, manyoya ndani.

Asubuhi nilimpelekea Gunnar aione kwa mara ya mwisho. Bunduki zimeshachukuliwa, kabati la chuma liko wazi, ameweka viazi humo. Theluji imebaki kwenye mitaro tu. Tulikaa nje kwenye ngazi. Nilimwambia habari ya misumari miwili, kwa kuwa aliuliza na nilikuwa na deni la jibu.

Aliiweka ngozi magotini, akatafuta kwa kidole gumba mpaka akaupata mguu wa kushoto. Tundu la kwanza. La pili. Alikaa hapo na kidole chake kwa muda.

Kisha akauliza kama kitanda cha mama kiko karibu na dirisha, na kama sakafu ni ya baridi asubuhi.

Nikasema ni ya saruji, ni ya baridi sana.

Akasema vizuri, basi.